Jina Hili Lilikuwa la Nani?

"Alilia alipozaliwa?"

Mwalimu wa tathmini aliuliza bila kuinua macho kwenye fomu. Mke wangu akajibu kwamba alilia, tena sana. Nikadakia, kama shahidi anayeogopa kutoaminiwa, kwamba alilia wiki tatu mfululizo hadi jirani akatugongea ukuta. Mwalimu akatia alama, akaendelea: aliketi lini, alisimama lini, aliwahi kushikwa na degedege, aliugua manjano? Mwanangu Chitechi, mwenye umri wa miaka 4 na miezi 7, alikuwa chini ya meza akipanga vizibo vya soda alivyokuja navyo mfukoni. Vilikuwa 23, vyote vimelala chali.

Nafundisha historia na Kiswahili katika shule ya kutwa, nami naishi Amalemba, mjini Kakamega, katika nyumba ya kupanga yenye paa la mabati. Mvua ya huku haina simile. Msimu ukifika hupiga alasiri karibu kila siku, na Chitechi huziba masikio kabla sisi hatujasikia ngurumo. Siku timu ya soka ya Kakamega Homeboyz inapocheza katika uwanja wa Bukhungu, yeye huingia uvunguni. Kwa miaka miwili mambo hayo tuliyaita tabia. Daktari mmoja alituambia wavulana huchelewa kusema, tusubiri. Chekechea moja ilihitaji juma moja tu kutuambia tutafute shule ya "watoto kama hao". Ndipo tukafika kwenye ile fomu na lile swali.

Swali lina sababu yake. Kilio cha kwanza ni dalili kwamba mapafu yamepokea hewa; mtoto aliyechelewa kulia huenda ubongo wake ulikosa oksijeni. Lakini mimi nilikuwa nimeulizwa swali hilohilo miaka minne nyuma, na mama yangu, kwa sababu nyingine kabisa. Alinipigia simu kutoka Shinyalu, akamsikia mtoto nyuma ya sauti yangu, akasema, "Papa, huyo halii njaa. Huyo anadai jina." Huniita papa, yaani baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba mkwe wake.

Kwetu Isukha, na kwa Waluhya wengi, ndivyo ilivyokuwa. Mtoto mchanga asiyenyamaza alihesabiwa kuwa na mtu nyuma yake, marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Wanawake wazee waliitwa. Mmoja alimpakata, mwingine akataja majina ya waliotangulia, upande wa baba kisha upande wa mama, moja moja, bila haraka. Jina lililomnyamazisha ndilo lililokuwa lake. Günter Wagner, Mjerumani aliyekaa miongoni mwa Walogoli na Wabukusu kati ya 1934 na 1938, aliandika kwa kirefu habari za mizimu ya mababu na majina ya watoto katika kitabu kilichotoka 1949. Nilikisoma chuoni nikidhani nasoma habari za watu wengine.

Jambo ambalo sikulielewa wakati huo ni kwamba jina halikuletwa ili kumweleza mtoto. Lilileta watu. Ukipewa jina la kaka wa babu, nyumba ya kaka wa babu ilikuwa na deni kwako. Watoto wake walikuita baba, hata ukiwa bado unabebwa mgongoni. Ulipougua walifika, maana aliyeugua alikuwa wao.

Mama alitaja majina kwa simu, nimeweka spika karibu na sikio la mtoto, mke wangu akitutazama kama wendawazimu wawili. Kwenye jina la Chitechi mtoto alinyamaza. Huenda alikuwa amechoka. Kesho yake nikaliandika kwenye kadi ya kliniki.

Miaka mitatu baadaye, mtoto alipokuwa bado hasemi, mama huyohuyo, ambaye sasa sote twamwita Kukhu, yaani nyanya, kwa ajili ya mjukuu, alikuja Amalemba na kuku wawili na shauri moja: tubadilishe jina. Nilimuuliza kwa nini. Akanung'unika kwamba Chitechi wa kwanza naye hakuwa mtu wa maneno.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya na familia yangu kazi ninayowafanyisha wanafunzi.

Chitechi wa kwanza alikuwa mdogo wake babu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imehamisha makao ya wilaya ya North Kavirondo kutoka Mumias hadi Kakamega yapata 1920, na ndugu hao wawili walizaliwa miaka hiyohiyo. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson, aliyekuwa mkulima upande wa Eldoret, aligundua dhahabu, na wachimbaji Wazungu wakamiminika na vigingi vyao. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi ni yao milele. Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa ili uchimbaji usizuiliwe na ahadi. Babu alipopata nguvu akaajiriwa Rosterman, mgodi mkubwa kuliko yote ya Kakamega, akashuka chini ya ardhi hadi karibu ulipofungwa mwaka 1952. Mshahara wake ulinunua ng'ombe. Aliyewachunga ni Chitechi.

Wazee waliobaki wanamkumbuka hivi: alisema maneno machache, mengi yakiwa majina ya ng'ombe. Alikula peke yake. Ukihamisha kigoda chake alilia kama mtoto. Aliwatambua ng'ombe wote kwa mlio wa kwato, gizani, akajua aliyekosekana kabla zizi halijafungwa. Watu wa mbali walimwita omulalu, kichaa. Watu wa nyumbani walimwita kwa jina lake, kwa sababu kila jioni walihitaji kumuuliza kama ng'ombe wametimia.

Simpimi marehemu, mwanahistoria anayewaandikia wafu cheti cha daktari hujidanganya. Wala simpambi. Alilala jikoni maisha yake yote. Hakuoa. Vijana walimficha vitu vyake ili wacheke anavyohangaika. Ninachosema ni kwamba alikuwa na kazi aliyoijua kuliko yeyote, na kazi hiyo haikumtaka aketi kwenye dawati, asubiri kengele, ajibu kwa Kiingereza. Ng'ombe walipopungua na shule ikawa mlango pekee wa utu uzima, watu wa namna yake hawakuongezeka ghafla. Walikosa zizi.

Wakoloni nao walikuwa na majina yao. Mathari, jijini Nairobi, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1910 kama hospitali ya vichaa. Aliyeiongoza kuanzia 1938, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akafananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa mtazamo wa namna hiyo Chitechi hangekuwa tofauti na mtu yeyote wa Shinyalu. Sote tulikuwa wagonjwa.

Mwaka 1943, Rosterman ikiwa bado inatoa dhahabu, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11 waliopenda upweke na mambo yasiyobadilika. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya wavulana wanaofanana nao kwa mengi. Neno walilolitumia lilikuwa la Eugen Bleuler wa Uswisi, aliyelitumia zaidi ya miaka 30 nyuma kuelezea wagonjwa wazima waliojifungia ndani ya nafsi zao. Ndilo tunalolitafsiri leo kwa Kiswahili kuwa usonji. Grunya Sukhareva, daktari wa Urusi, alikuwa amewaeleza watoto wa namna hiyo tangu miaka ya 1920, ila wachache walimsoma.

Kisha wataalamu wakamgeukia mama. Kanner mwenyewe aliwahi kuwafananisha wazazi hao na jokofu, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago akaandika kitabu kizima kilichodai kwamba mtoto hujifunga kwa sababu mama yake hakumtaka. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuivunja hoja hiyo mwaka 1964 kwa kuonyesha kwamba chanzo kimo katika maumbile ya ubongo, lakini akina mama waliendelea kubebeshwa lawama kwa miaka mingi.

Niliposoma hayo nilicheka kwa uchungu. Shinyalu hakukuwa na jokofu hata moja, lakini shangazi zangu walifikia hukumu ileile ya profesa wa Chicago: mke ameleta kitu kutoka kwao. Walilisema mazishini, kwa sauti ya kusikika. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi walichapisha waliyoambiwa na wazazi na wataalamu wa Pwani kuhusu chanzo cha usonji. Laana, uchawi na pepo wabaya walitajwa, pamoja na maradhi, matatizo ya kujifungua na urithi. Mke wangu aliisoma ripoti hiyo kwenye simu yangu, akanirudishia bila neno. Siku ya tatu akasema, "Angalau wao waliuliza wazazi."

Historia ya Kenya huru katika jambo hili ni fupi. Mwaka 1964 kulikuwa na tume ya elimu ya Ominde na kamati ya Ngala Mwendwa kuhusu walemavu, zote zikiwataka watoto hao wakumbukwe. Mwaka 1984, ambao ndio niliozaliwa, serikali kwa msaada wa Denmark ilianzisha vituo vya tathmini ya elimu wilayani, hivyo vinavyoitwa EARC hadi leo. Mwaka 1986 ikafuata taasisi ya KISE ya kuwafunza walimu wa elimu maalum. Msamiati wa wakati huo ulikuwa wa kuona, kusikia, kutembea na "akili taahira". Usonji haukuwa na safu yake.

Hata hivyo kulikuwa na mtu aliyewahi kuja kuutafuta. Victor Lotter, ambaye mwaka 1966 alichapisha hesabu ya watoto wenye usonji katika eneo zima la Middlesex, Uingereza, alizunguka miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, na mwaka 1978 akatoa matokeo. Alikuwa amewapitia zaidi ya watoto 1,300 wenye ulemavu wa akili, akawapata wenye usonji wachache mno. Ukisoma haraka utasema Afrika haikuwa na usonji. Ukisoma polepole utaona alitafuta mijini, ndani ya taasisi. Mtu kama Chitechi alikuwa nyuma ya ng'ombe Shinyalu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpeleka Nairobi ahesabiwe.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, madarasa yalifurika, na pamoja na wengine wakaja watoto waliokuwa wakifungiwa nyumbani. Mwaka huohuo wazazi waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na kitengo cha usonji kikafunguliwa katika shule ya msingi ya City, Nairobi. Wazazi ndio waliotangulia. Tarehe 2 Aprili ikawa siku ya usonji duniani kuanzia 2008. Na bado, sensa ya 2019 ilipofika iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana, na ualbino. Kila mara nisikiapo kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, hujiuliza karani aliyebisha hodi kwa mtoto kama wangu alimtia safu gani.

Turudi kwenye ile meza. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya kuuonyesha. Mtaalamu huuliza, hutazama, huuliza tena. "Ukimwita, anakutazama machoni?" Kukhu, aliyesisitiza kuja nasi, alijibu kabla yetu: "Mtoto mwenye adabu hamkodolei mtu mzima macho." Mwalimu aliweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. Akamwambia, "Kweli, Kukhu. Basi nikuulize hivi: akiona kitu kimemfurahisha, ndege kwa mfano, hukuvuta mkono na wewe ukione?"

Kukhu alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema, "Hukiona peke yake."

Naamini tathmini iliishia hapo, ingawa tulirudi mara mbili, tukapelekwa hospitalini kupimwa masikio, na kungoja miezi. Karatasi ilipotoka ilikuwa na kurasa tatu. Nilisoma neno usonji nikahisi kitu ambacho sikukitarajia, nafuu. Usiku nafuu ikaondoka. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba mtaala wa sasa una mkondo wa hatua kwa watoto wasioweza kufuata madarasa ya kawaida, unaoanzia stadi za kila siku na kuishia ufundi. Nikapiga hesabu. Akimaliza ufundi nitakuwa na miaka 60 na kidogo. Baada ya hapo?

Watu hudhani mzazi huogopa kwamba mtoto hatasema. Mimi niliogopa jambo dogo zaidi na la karibu zaidi: simba. Kwetu mvulana akishatahiriwa hujenga kibanda chake katika boma la baba, isimba, na kibanda hicho ndicho tangazo kwamba ana sehemu hapa. Nani atamjengea Chitechi nikiwa sipo? Kwenye ardhi ipi?

Nikaenda kutazama hati. Wapimaji walipofika kijijini kwetu miaka ya 1960, baba mkuu wa boma alikuwa na wana wanne. Kwenye hati kuna majina matatu. La Chitechi halimo. Alikuwa hai, aliishi hadi 1976, na kila jioni aliendelea kutaja ng'ombe wa watu watatu walioandikwa. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, nadhani. Mpimaji aliuliza majina, yeye akawa malishoni, na wenye kusema wakasema. Robo eka yangu, niliyoachiwa na baba, imo ndani ya sehemu ambayo kwa haki ilikuwa na tone la kwake.

Desemba tulipokutana nyumbani niliomba nafasi baada ya chakula. Nikasoma zile kurasa tatu, nikitafsiri. Baba mdogo, ambaye hakupata shule na ndiye mkubwa wetu sasa, alisikiliza akiwa ameegemea bakora. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Hilo jina, usonji. Lilikuwa la nani?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwake jina lisilo la mtu ni kelele tu. Na bahati ni kwamba jibu nilikuwa nalo.

"Baba mdogo, wa kwanza kuandikwa alikuwa mtoto wa Marekani. Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alizaliwa 1933."

Nikamweleza. Donald alipokuwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa wamweke kwenye taasisi, wakamweka, na baada ya kama mwaka mmoja wakamtoa. Baba yake, wakili, akaandika barua ya kurasa 33 kwa daktari Kanner, na ndiyo iliyoanzisha yote. Mwaka 1942 walimpeleka aishi na mkulima mmoja na mkewe. Donald alikuwa na mazoea ya kuhesabu bila kukoma, basi mkulima akamruhusu ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Alipopenda kupima, alipewa kisima akichimbe na kupima kina chake. Baadaye alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi. Mji wote ulimjua. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 89.

"Themanini na tisa," baba mdogo alirudia. "Na wale wenzake?"

Hilo lilikuwa swali zito zaidi. Kanner aliwafuatilia wale 11 mwaka 1971. Waliofungiwa katika hospitali za serikali waliporomoka, wakapoteza hata walichokuwa nacho.

"Nani alimtunza huyo?"

"Ndugu zake. Familia ya mama yake ilikuwa na benki."

"Sisi hatuna benki."

"Tuna robo eka, baba mdogo. Na tuna Chitechi mmoja aliyekwisha kuachwa nje ya hati."

Kimya kilichofuata sitakisahau. Kukhu alitazama chini. Ndipo nilipoelewa kwamba alijua, na kwamba huenda lile shauri la kubadilisha jina halikuhusu ububu hata kidogo. Lilihusu deni.

Baba mdogo hakuomba msamaha. Wazee wetu hawaombi msamaha mkutanoni. Aliagiza daftari. Akasema niandike kwamba robo eka ile haitauzwa mradi mtoto yuko hai, na kwamba simba yake itajengwa upande wa juu, mbali na barabara, kwa kuwa hapendi kelele. Kisha akasema niandike zamu: nani atamchukua likizo ya Aprili, nani Agosti, nani Desemba, ili akue akiwajua watu na nyumba, asije akahamishwa siku ya mazishi yangu kama kigoda. Binamu wawili waliandika majina yao. Dada yangu aliandika na kuongeza namba ya simu ya mumewe, kama ushahidi. Kaka yangu alisema atafikiria. Nafasi yake bado ni tupu.

Najua daftari si sheria. Nimeanza kuulizia kwenye ofisi ya ardhi jinsi ya kuandikisha amana kwa mtoto, na kadi ya ulemavu tumeiomba. Karatasi za serikali nazihitaji. Ila nimefundisha habari za mwaka 1932 mara nyingi mno kuziamini peke yake.

Jina hatukulibadilisha. Zamu ya kwanza ni ya baba mdogo mwenyewe, Aprili. Ameuliza vizibo vya soda hupatikana wapi kwa wingi, nikamwelekeza kwenye baa iliyo sokoni Shinyalu.